Kuandaa uso kabla ya mekapu: maji, mafuta na kusubiri

Ukikaa saluni yoyote ya Sinza, Dar, siku ya Jumamosi swali utakalosikia ni lilelile, hiyo faundesheni ni ya kampuni gani na inakaa masaa mangapi, na kuna watu wako tayari kutoa laki nzima kwa chupa moja iliyotoka Dubai wakati uso asubuhi wameuosha kwa sabuni ya kipande ileile ya kuogea, wakajipaka mafuta ya mgando, wakaja. Halafu baada ya saa moja imeshakatika pembeni ya pua, kidevuni imekuwa unga unga, chini ya macho imejikunja mistari, na lawama zote anabeba aliyepaka au chupa. Mara nyingi chupa haina kosa jamani. Kazi iliharibika kabla kifuniko hakijafunguliwa.

Shida ya hii mada ni kwamba mtandaoni imevurugwa, huyu anakwambia hatua kumi, yule anakwambia barafu, mwingine anakwambia ngozi ya mafuta haitakiwi losheni kabisa, na wote wanaongea kwa kujiamini. Ukiziondoa kelele unabaki na maji yaliyomo kwenye ngozi, mafuta yanayotoka kwenye ngozi, na muda unaokipa kila kitu kikae. Ukishaelewa hivyo vinafanyaje kazi huhitaji mtu akupe orodha ya hatua, unaiangalia ngozi yako mwenyewe unajua leo inataka nini.

Tuanze na ngozi. Lile tabaka la juu kabisa ambalo ndo faundesheni inalikalia ni seli zilizokufa, zimepangana na kushikanishwa na mafuta ya ngozi yenyewe, jembamba kuliko hata karatasi ya daftari, na kazi yake kubwa ni kuzuia maji yasitoke mwilini hovyo. Likiwa na maji ya kutosha linakuwa laini, limelala. Likikauka kingo za zile seli zinanyanyuka, hapo ndo unaona mtu kapauka, na rangi yoyote utakayopitisha inanasa kwenye zile kingo. Na faundesheni nayo ni unga wa rangi tu, nyekundu, njano na nyeusi zinazotokana na madini ya chuma, pamoja na nyeupe ya titani, umechanganywa kwenye maji, mafuta na silikoni, kile kitu laini cha kiwandani kinachoteleza. Ukishapaka, maji na vingine vinavyopaa vinaondoka, unabaki utando mwembamba wa rangi juu ya uso. Huo utando ukikuta chini pamekauka unanywewa hapa unaachwa pale, ndo mabaka hayo. Ukikuta mafuta yanapanda kutoka chini unalainika na kuteleza, ndo kukatika puani huko. Na mafuta yakishaingia kwenye rangi inakolea, kwahiyo mchana ilikuwa rangi yako kabisa, ikifika saa mbili usiku ukumbini umeshakuwa machungwa.

Sasa kuna jambo moja watu wanalichanganya sana na ndo linazaa makosa mengi, ngozi kukosa mafuta na ngozi kukosa maji ni vitu viwili tofauti. Mtu anaweza kuwa na paji la uso linang'aa kama nini na bado ngozi yake imekosa maji, tena hapa pwani hao ndo wengi. Ukitaka kujijua osha uso, ukaushe kwa kugusagusa na taulo, usipake kitu chochote, kaa kama nusu saa. Ikikubana mashavuni na hata katikati hakung'ai, una ngozi kavu ya kweli. Iking'aa bila kubana basi ni ya mafuta na maji yapo. Iking'aa na wakati huohuo inabana ukicheka, hapo mafuta ni mengi lakini maji hamna, na huyu ndo mtu ambaye kila siku anaambiwa asipake losheni, anakaushwa kwa poda na tona, yale maji ya kupangusia uso, yenye spiriti, halafu anashangaa mekapu inapasuka huku inateleza. Mafuta ya uso yanatoka kwenye tezi na tezi zinaendeshwa na homoni, hazijui kama umeosha uso mara ngapi, na joto likipanda ndo yanachuruzika zaidi. Huwezi kuzifunga kwa kuikausha ngozi. Unachoweza ni kuipa maji yake, kuyapangusa yale mafuta yaliyokwisha toka, na kuchagua vitu vyepesi.

Kwenye kuosha ntasema kitu ambacho mama zetu hawatakipenda. Ile sabuni ya kipande ina ualkali mkubwa, pH yake, yaani kipimo cha asidi na alkali, inazunguka 9 mpaka 10, wakati uso wako uko kwenye 5 hivi, yaani ngozi ni asidi kidogo na inataka kubaki hivyo. Ule mlio wa "kwii" ukipitisha kidole shavuni, ambao wengi wanauona ndo usafi, maana yake umeondoa uchafu pamoja na yale mafuta yanayoshikanisha seli, na kuanzia hapo maji yanapotea kwa kasi. Tafuta sabuni ya maji ya uso isiyo kali, povu lake dogo halina neno, osha kwa maji ya kawaida, basi. Kuhusu barafu na mvuke, vile vitundu vya ngozi havina msuli, havifunguki kwa moto wala kufunga kwa baridi. Barafu inasaidia kushusha uvimbe wa macho kama umelala vibaya, sawa, ila ifunge kwenye kitambaa, ukiigandisha moja kwa moja kwenye ngozi inaunguza.

Na limao liacheni jikoni. Asidi yake ni kali mno, pH 2 hivi, na mbaya zaidi kuna vitu ndani ya limao na ndimu ambavyo vikikutana na jua vinaichoma ngozi kabisa, inatoka malengelenge na baadaye doa jeusi linalokaa miezi. Magadi soda nayo ni upande wa pili wa kosa hilohilo. Skrabu ya sukari na kahawa, kwa mwili poa, kwa uso hapana, zile punje zina ncha na zinakwaruza, na ngozi yetu nyeusi ina tabia moja, kila kidonda kidogo, kila chunusi iliyominywa, kila mkwaruzo, inaujibu kwa doa. Ukitaka kuondoa seli zilizokufa tumia asidi laini za dukani, laktiki kwa mwenye ngozi kavu, salisiliki kwa mwenye chunusi na mafuta, na ufanye siku mbili tatu kabla ya shughuli, usifanye asubuhi ya siku yenyewe maana ngozi iliyotoka kusuguliwa inachonyota na inaipokea rangi vibaya.

Hapa wazee wa pwani walikuwa na akili. Zanzibar na Mombasa bibi harusi anasingwa, na singo lenyewe ni waridi kavu, asmini, mlangilangi, karafuu, liwa, yaani msandali, iliyosagwa kwenye jiwe la msio, kila nyumba na vipimo vyake, anasuguliwa taratibu mwili mzima na somo wake au wanawake wanaojua hiyo kazi. Watu wanasifia harufu, mimi nasifia ratiba. Kusingwa kunaanza siku kadhaa kabla, hakuna bibi harusi aliyewahi kusuguliwa saa nane akakaa kwenye kiti saa tisa, ngozi inapewa muda wa kutulia. Ila karafuu ni kali bwana, mwenye ngozi ya kuwashwa ajaribu nyuma ya sikio akae siku nzima aone kwanza, na hiyo kanuni ni ya kila kitu kipya, hata cha dukani chenye boksi zuri.

Baada ya kuosha, wakati uso bado una unyevunyevu, ndo upake losheni. Usisubiri ukauke kwanza. Losheni nzuri inafanya kazi tatu kwa pamoja, inavuta maji na kuyashika, inalaza zile kingo zilizonyanyuka, na inaweka kizuizi juu ili maji yasitoroke, na tofauti ya losheni na losheni ni ipi kati ya hizo imepewa nguvu. Gliserini inavuta maji, na ndo maana ile gliserini ya duka la dawa iliyochanganywa na maji ya waridi imewapendezesha watu miaka na miaka kwa hela ndogo, ila usiipake kavu kavu bila kuichanganya, inanata na poda inaganda juu yake. Mafuta ya mgando yanafanya ile kazi ya tatu tu, yanafunga. Usiku kabla ya kulala, safi kabisa, tena kwa mwenye ngozi kavu hakuna dawa ya bei rahisi inayoyashinda. Chini ya faundesheni ni balaa, kwa sababu hayaingii ndani, yanakaa palepale juu na rangi inaogelea. Mafuta ya nazi ni hivyohivyo, na kuna watu yanawatoa chunusi juu.

Na hali ya hewa iangalie, usinakili tu. Dar mwezi wa pili hewa yenyewe imejaa maji, losheni ya jeli nyepesi kiasi cha punje ya njegere inatosha uso mzima, ukizidisha unajitafutia. Mtu wa Njombe au Makete mwezi wa saba, baridi kali na upepo mkavu, huyo anataka krimu nzito na kwenye mashavu arudie. Dodoma kuna joto na ukavu kwa pamoja, huko ndo kazi kweli. Halafu kuna kumbi za eisii, bibi harusi ametoka jasho kanisani kisha anakaa masaa matano kwenye hewa iliyokaushwa, ngozi inaanza kubana saa nne usiku na watu wanasema mekapu imezeeka. Huyo alitakiwa apewe maji ya kutosha mapema, na anywe maji pia, japo niseme ukweli glasi nane za maji siku hiyohiyo hazifiki usoni kama unavyodhani, losheni ndo inafika.

Sanskrini, ile krimu ya kukinga jua, inakaa wapi? Mwisho wa vitu vya kutunza ngozi, kabla ya praima, ile ya kuandaa uso inayopakwa chini ya faundesheni. Hapo kuna mgogoro wa kweli. Kipimo kinachotumika maabara kupima ile namba ya SPF, yaani nguvu ya kinga, ni kikubwa kuliko tunavyopaka wengi wetu, kwa uso na shingo ni kama mistari miwili iliyojaa kwenye vidole viwili, ukipaka kitone unapata kinga ndogo sana kuliko iliyoandikwa. Lakini ukipaka hicho kiasi cha sanskrini yenye zinki au titani nyingi kwenye ngozi nyeusi unapata weupe wa majivu, na faundesheni haiufichi, inautia ukijivu, na flashi ya kamera ikipiga uso unarudi mweupe kuliko shingo. Kwahiyo, kama shughuli ni ya mchana nje, harusi ya ufukweni mfano, tumia sanskrini zisizoacha weupe, ziko nyingi siku hizi za jeli na za maji, ipe robo saa kabla ya kuendelea. Kama shughuli ni ya usiku ndani ya ukumbi na unatoka nyumbani jua limezama, iache, hakuna jua la kukinga. Wenye ualbino hili la kuacha haliwahusu mchana hata dakika moja, na kwao kuna Kilisun, sanskrini ya Moshi iliyoanzia kwenye kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, imetengenezwa kwa ajili yao kabisa.

Sasa kile kitu kinachowatoa watu machozi, unapaka faundesheni inaanza kutoka vijipande vijipande vya kujiviringa chini ya vidole. Wengi wanadhani ni ngozi imebanduka au faundesheni ni feki. Mara nyingi ni utando wa vitu ulivyopaka chini, silikoni na zile gundi laini zinazofanya seramu, yale majimaji mepesi ya kutunza ngozi, iwe jeli, havinywewi na ngozi, vinakaa juu kama filamu, na ukisugua kabla havijatulia au ukivipandisha tabaka tano unaviviringa vyote. Dawa yake ni kupunguza, kusubiri, na kubonyeza badala ya kusugua. Subiri mpaka ukigusa shavu kwa mgongo wa kidole lisiwe na majimaji, linate kidogo tu. Kwa Dar hiyo inaweza kuchukua dakika tano au kumi na ukiwa na feni inasaidia.

Kuna kanuni inazunguka sana mtandaoni, praima ya maji kwa faundesheni ya maji, ya silikoni kwa ya silikoni. Wazo sio baya ila watu wanasoma lebo vibaya, wanaona kiambato cha kwanza kimeandikwa maji wanasema hii ni ya maji, kumbe faundesheni nyingi zina maji mwanzoni na bado zimejengwa juu ya silikoni, maji yamo ndani kama matone tu. Badala ya kubishana na lebo, tia tone la praima na tone la faundesheni kwenye mgongo wa mkono, changanya kwa kidole, hesabu mpaka thelathini. Zikibaki laini moja, zinapatana. Zikikatika kama maziwa yaliyochacha yakiwekwa jikoni, hizo usizikutanishe usoni hata kama zote mbili ni za kampuni moja. Fanya hivyohivyo na sanskrini, ndo inayogomana na wenzake mara nyingi kuliko vyote.

Na praima sio lazima! Kazi yake ni kujaza vitundu, kupunguza mng'ao au kushika rangi, kutegemea aina. Mwenye vitundu vikubwa puani na mashavuni karibu na pua aipake hapohapo tu, kidogo, kwa kubonyeza. Mwenye ngozi iliyotulia na losheni imekaa vizuri anaweza kuruka na asipoteze kitu. Kuipaka uso mzima mpaka kwenye nyusi ni kuiteketeza.

Kuna kitu praima haiwezi, na inabidi tukiseme bila kuzungukazunguka. Mkorogo. Krimu za kujichubua nyingi zinakuwa na hidrokwinoni, zebaki au steroidi kali za hospitali kama klobetasoli, na hapa Tanzania vyote vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, zamani ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ndo inasimamia na kuanzia 2019 ni TBS, shirika la viwango, na zebaki kidunia Mkataba wa Minamata ulitaka vipodozi vyake viondolewe ifikapo 2020, lakini vichupo bado vipo, vingine havina hata jina. Steroidi ikipakwa miezi inaifanya ngozi kuwa nyembamba, mishipa inaonekana, vipele vinatoka kila mahali, losheni ya kawaida inachonyota. Uso wa hivyo unapokea faundesheni kwa mabaka kwa sababu lile tabaka la juu lenyewe limechakaa, halafu uso una rangi moja, masikio rangi nyingine, vifundo vya vidole vyeusi, hakuna rangi ya chupa inayoweza kuviunganisha. Mpakaji akiona hivyo apunguze vitu, asisugue, asiweke asidi yoyote. Na anayetumia asiache ghafla peke yake nyumbani, ikiwa ni steroidi uso unaweza kulipuka na akarudia kwa hofu, amwone daktari wa ngozi amshushe taratibu. Haya mambo ya "nitaacha wiki ya harusi" ndo yanaleta bibi harusi aliyevimba.

Kwa ratiba ya bibi harusi mimi ntakwambia hivi. Fesho ya kuminya chunusi, wiki moja na zaidi kabla, chini ya hapo usimruhusu mtu akuguse. Waksi ya usoni au kunyoa vile vinywele, siku mbili tatu kabla, na kama unatumia krimu za retinoli, zile za vitamini A, usiku zisimamishe siku kadhaa kabla ya waksi la sivyo inang'oa na ngozi. Nyusi kutinda siku moja au mbili kabla, maana palipotindwa pakiwa pabichi konsila, ile rangi nzito ya kufichia madoa, inachonyota na inakataa kushika. Hakuna kujaribu kitu kipya wiki hiyo hata kama dada wa Kariakoo amekuapia. Bwana harusi naye asisahaulike, wembe asubuhi ya harusi kwenye shingo yenye ndevu za kujikunja ni vipele saa nane mchana, anyolewe jana yake kwa mashine, bila kukwangua mpaka chini.

Chunusi ikitokea siku yenyewe usiiminye. Iliyominywa inatoa maji na konsila haishiki kitu kinachovuja, iliyoachwa ni uvimbe mdogo tu ambao rangi inaufunika.

Midomo ipake mafuta ya mgando ukianza tu kuosha uso, iache ilainike wakati wote unaohangaika na mengine, ukifika zamu yake uifute kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, ile ngozi iliyokauka inatoka yenyewe bila sukari wala mswaki. Kope za juu zisipewe losheni nzito, mafuta ya pale ndo yanayobandua kope za bandia kabla keki haijakatwa.

Ukishafika hapo chukua tishu, itenganishe ibaki tabaka moja, ilaze usoni na uibonyeze kwa viganja, paji, pua, kidevu. Ikitoka na alama za mafuta bonyeza nyingine, usikimbilie poda. Ikitoka kavu na uso ukiugusa ni laini na unanata kidogo kwa mbali, weka tone la faundesheni katikati ya uso na uanze kusambaza kwenda nje kwa sponji iliyolowekwa na kukamuliwa vizuri.